Siku nne Kilwa, kwa ajili ya kuba lililopasuka

Alhamisi, Mbagala mpaka Masoko

Tiketi ilisema saa kumi na mbili kamili asubuhi. Basi likaondoka Mbagala Rangi Tatu saa moja kasoro dakika kumi, baada ya kondakta kumaliza kubishana na mama mmoja juu ya nauli ya ndoo tatu za dagaa. Nilikaa dirishani upande wa kushoto, begi miguuni. Ndani ya begi: nguo za siku nne, timazi, pima maji na daftari. Tepu ilikuwa kiunoni, mahali pake pa siku zote.

Sababu ya safari niitoe mapema, maana mke wangu naye aliiuliza mara mbili. Mimi ni fundi ujenzi, mwaka wa kumi na tisa sasa. Mwaka jana nilimwaga kuba la msikiti mmoja wa mtaani, kuba langu la kwanza la zege. Kamati ilitaka watu waswali Idd chini yake, nami sikuwa na ubavu wa kusema hapana. Fomu, yaani mbao zinazoshikilia zege mpaka liwe gumu, tulizitoa siku ya saba. Wiki ya tatu ukatokea ufa, ukaanzia kwenye ukingo wa chini na kupanda kama mjusi anayewinda nzi. Halikuanguka, na linatengenezeka. Lakini toka siku hiyo nikipita mtaa ule nahisi kila mtu anatazama juu.

Mzee mmoja wa kamati, badala ya kunigombeza, aliniambia: "Fundi, nenda Kilwa Kisiwani. Kuna msikiti pale uliwahi kuporomoka wote, sultani akiwepo na dhahabu yake. Wakausimamisha tena, mpaka leo kuta zake zipo. Kaone walifanyaje."

Njia ya kusini imekuwa nyepesi. Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, halafu Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, karibu mita 970, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla yake ilikuwa kivuko, na masika ikikolea watu wa Lindi na Mtwara walikuwa kama wamefungiwa nje ya nchi. Somanga tukanunua samaki wa kukaanga kupitia dirishani. Nangurukuru basi likakunja kushoto, tukaiacha barabara kuu, na baada ya nusu saa hivi ya mikorosho na minazi tukawa Kilwa Masoko, mji wa bara unaotazamana na Kisiwani.

Jioni niliteremka ufukweni. Ng'ambo ya mlango wa bahari, chini kabisa karibu na maji, ngome inaonekana waziwazi. Msikiti hauonekani. Umejificha nyuma ya miti, kama haujali nani amekuja.

Ijumaa, Kisiwani

Kibali nilikata asubuhi hapohapo Masoko, nikapewa mwongozaji, mzee mzaliwa wa Kisiwani.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, fundi."

Sikuwa nimemwambia kazi yangu. Alikuwa ameiona tepu.

Tukavuka kwa mashua ya mashine, robo saa tu, kusi likiturushia maji upande mmoja. Ukishuka unakutana kwanza na ngome, Gereza. Wareno waliingia Kilwa Julai 1505 wakiwa na Francisco de Almeida, wakaupora mji na kujenga ngome, na kufikia 1512 walikuwa wameshaondoka. Hili linaloonekana leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya zama za Waomani, kama mwaka 1800. Nililizunguka haraka, mzee akaniona roho yangu haipo pale. "Twende basi kwenye chako," akasema.

Tuliingia kwa upande wa kusini. Nilichokiona kwanza ni nguzo. Nguzo za pembe nane, safu kwa safu, na juu yake matao ya ncha, na juu ya matao kuba likifuatana na paa refu la mviringo kama pipa lililopasuliwa kati. Mahali paa lilipoanguka jua linaingia moja kwa moja na majani yameota. Mahali paa lilipo pana ubaridi. Nilisimama sehemu yenye kivuli na jambo la kwanza lililonitoka mdomoni, astaghfirullah, lilikuwa: "Hapa nondo ziko wapi?"

Mzee akacheka. Hakuna nondo. Hakuna saruji. Kuna matumbawe, chokaa na mchanga.

Kwa wasiojua: mawe ya pwani yetu ni ya namna mbili. Lipo lile la ardhini, gumu, lenye kona kali, linalovunjwavunjwa na kujazwa ukutani. Na lipo tumbawe laini la baharini. Hili hukatwa likiwa bichi kwenye maji, na likiwa bichi linachongeka karibu kama muhogo. Likikauka linakuwa gumu. Kwa hiyo kila palipohitaji ukingo safi (tao, mihirabu inayoonyesha upande wa Makka, kona ya nguzo) waliweka hili la pili. Ukisogeza uso karibu na jiwe la tao, kama nilivyofanya mpaka pua ikagusa, unaona vitundu vidogo vya mnyama aliyelijenga, vimepangana kama sega la nyuki. Mchongaji alikata katikati ya sega hilo mstari ulionyooka kiasi kwamba nilitoa pima maji kwa aibu tu. Sitasema ilionyesha nini. Niseme tu kwamba mafundi wangu wawili ninaowafahamu wasingefika pale.

Chokaa nayo ni matumbawe yaleyale. Magogo hupangwa duara, mawe yakarundikwa juu, moto ukawaka usiku kucha, na kinachobaki ni majivu meupe ambayo humwagiwa maji na kuachwa. Kuachwa, si kutumiwa kesho yake. Babu yangu mzaa mama alikuwa mchoma chokaa, na alikuwa akisema chokaa ya wiki moja ni ya kupaka choo.

Sasa nifike kwenye kilichonileta. Msikiti huu ni miwili iliyoshikana. Ukitoka kwenye msitu wa nguzo na kwenda mbele, kaskazini, unaingia ukumbi mdogo ulio wazi juu. Huo ndio wa kwanza, wa karne ya 11 au ya 12. Ulikuwa na nguzo tisa, tatu kwa tatu, zikigawa ukumbi mafungu kumi na sita, na paa lake lilikuwa bapa. Uani hakuna, wote ulifunikwa. Nguzo zilikuja kuwa za mti, na miti imeshaoza zamani. Paa bapa la pwani ni boriti za mikoko, juu yake mawe, juu yake chokaa nzito iliyotwangwa. Na boriti ya mkoko ina urefu wake. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe, kuanzia Lamu mpaka huku, ni vyembamba, upana wa mita mbili na nusu au tatu. Mti ndio uliokuwa ukichora ramani.

Kisha ikaja dhahabu. Kilwa ilishika biashara ya Sofala, bandari ya dhahabu kule Msumbiji ya leo, na mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman akaupanua msikiti kuelekea kusini, mara kadhaa ya ule wa kwanza, na pembeni akaweka chumba chenye kuba kubwa ambalo kwa karne nyingi halikupata mwenzake katika pwani hii. Nguzo za upanuzi wake hazikuwa hizi ninazozisifia. Zilikuwa za jiwe moja moja, tumbawe zima lililochongwa kutoka chini mpaka juu. Mzee alinipeleka nje kunionyesha vipande, vimelala kwenye majani kama mikate ya mofa iliyosahauliwa.

"Hizi ndizo zilizoanguka?"

"Ndizo hizo, fundi."

Tarikh ya Kilwa, kitabu cha zamani cha historia ya mji, inaeleza kwamba msikiti uliporomoka, na kwamba kwa muda mrefu watu waliswali chini ya vibanda, mpaka zama za Sultani Sulaiman bin Muhammad, karne ya 15, ulipojengwa upya. Vibanda! Mji wenye sarafu zake wenyewe, ambao sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman iliokotwa mbali kule Great Zimbabwe, na Ijumaa watu wanabanana chini ya makuti kwa sababu fundi alitaka nguzo ya jiwe moja.

Nilikaa pale ukumbi wa zamani unapokutana na mpya, mgongo ukutani, kuliko mahali pengine popote siku hiyo. Nikachora. Waliojenga mara ya pili hawakurudia jiwe moja. Nguzo zao ni za mawe mengi yaliyofungwa kwa chokaa, nene kidogo, kona zikanyolewa ziwe nane. Ukiwa mbali unaona umbo lilelile la mwanzo. Ukiwa karibu unaona ni kazi nyingine kabisa. Hii ni rai ya fundi, si ya mwanahistoria: jiwe moja refu lenye vitundu halijui kuinama. Tao likisukuma pembeni kidogo tu, linakatika. Nguzo ya vipande na chokaa husogea unywele mmoja, ikatulia. Chokaa haina haraka ya kukauka, na ufa mdogo inaweza kuuziba yenyewe mvua ikinyesha. Kuba langu la siku saba lilikuwa jiwe moja.

Nilitoa simu nikafungua dira. Mihirabu iko ukuta wa kaskazini, na mshale nao ukaenda kaskazini, karibu kabisa. Kilwa na Makka ziko takriban kwenye longitudo moja, tofauti haifiki hata nusu ya nyuzi. Mafundi wa hapa hawakuhitaji hesabu ya kona. Usiku nyota ya kaskazini haionekani huku, imezama chini ya upeo, lakini nahodha yeyote aliyekuja na kaskazi alijua upepo unatoka wapi. Mnara hakuna, kama misikiti mingi ya zamani ya Waswahili. Nje kuna kisima na mahali pa kutawadha, na jiwe la kusugulia miguu. Nikasugua wangu. Bado linasugua.

Adhuhuri tulikwenda kuswali Ijumaa kijijini. Wakati wa kutoka, watu wakipeana mikono, nikakumbuka kisa ambacho Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alikiona hapahapa Kisiwani. Alifika mwaka 1331, huyohuyo al-Hasan akitawala. Walimwita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Ijumaa moja Sultani alikuwa akirudi nyumbani kutoka kwenye swala, akasimamishwa na fakiri wa Kiyemeni. Fakiri akamwomba nguo. Si nguo yoyote, alizovaa. Na si kesho, saa hiyohiyo. Sultani akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, akavua, akavaa nyingine, akampa. Ibn Battuta huyohuyo anasema nyumba za mji zilikuwa za mti, jambo linalowakera wapenzi wa magofu. Mimi halinikeri. Nyumba za watu wengi zilikuwa za miti na udongo wakati huo, na zile nilizopita kijijini mchana huu nyingi ni hivyohivyo. Jiwe lilikuwa la wachache na la Mungu.

Mama mmoja alitushibisha kwa wali wa nazi na pweza. Nilimwambia, "Bi mkubwa, umenitendea." Akajibu nisiende bila kurudi kesho.

Jumamosi, Kisiwani tena

Tulivuka mapema. Kwanza msikiti mdogo wa kuba, karne ya 15, nao ndio uliosalia vizuri kuliko wote. Unaweza kusimama ndani ukadhani paa lilimalizwa mwaka juzi. Juu yake, katikati, kumesimama kinguzo cha pembe nane kama kidole. Ndani ya dari walichomeka mabakuli ya kauri, kazi ya ng'ambo. Mengi yameng'olewa, yamebaki mashimo ya mviringo, na katika mashimo hayo unaona unene wa plasta ya chokaa. Nikaupima: kucha ya kidole gumba. Sisi tunapiga nene mara mbili, halafu inabanduka.

Makutani sikukaa sana. Ni jumba kubwa lenye ukuta, la karne ya 18, mji ulipofufuka baada ya kulala. Ufufuko huo sina hamu ya kuusimulia kwa furaha: mwaka 1776 Sultani wa Kilwa aliwekeana mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka. Mzee alipolisema hilo aliteremsha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu na mbuzi.

Husuni Kubwa iko mbali, mwendo mzuri wa miguu kuelekea mashariki, kwenye jabali juu ya bahari. Hii nayo ni ya al-Hasan bin Sulaiman. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 aliokota humo jiwe lenye jina lake. Vyumba zaidi ya mia, birika la pembe nane, ngazi za kuteremkia maji. Birika ni zuri kweli. Lakini nilipokuwa nimekaa ukingoni mwake nilijikuta namlaumu mwenye nyumba. Jumba hili halikukaliwa muda mrefu; lina sehemu zinazoonekana hazikuwahi kumalizika. Bwana huyu alikuwa na mkono wa kutoa na jicho la kuanzisha. Ninao wateja wa namna hiyo.

Nikamuuliza mzee kuhusu asili ya mji. Akanipa kisa kilekile cha Tarikh: Ali bin al-Hasan, mwana wa mfalme wa Shirazi, aliyenunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote, kisha akachimba pale palipokuwa pakikauka maji yakipwa, muuzaji asiweze kurudi. Wachimbaji nao wamekuta watu wakiishi hapa tangu kama karne ya 9, kwenye nyumba za udongo, kabla msikiti wa mawe haujafikiriwa.

"Wewe unaamini ipi, mzee wangu?"

"Mimi nimezaliwa hapa. Naamini palikuwa na mtu wa kuuza."

Alasiri nilirudi peke yangu Msikiti Mkuu, yeye akapumzika kivulini. Sikupima kitu. Nilitaka kuona jua likishuka linafanya nini. Linaingia kwa upande, chini ya matao ya magharibi, na kila nguzo inapata uso mmoja wenye mwanga, mmoja wa kati na mmoja wa giza. Nguzo ya mraba ingekuwa na nyuso mbili tu za kuonyesha. Nguzo ya duara isingekuwa na hata moja. Nilielewa kwa nini walisisitiza nane hata walipoacha jiwe moja, ingawa kunyoa kona ya mawe yaliyopangwa ni kazi ya kuumiza mgongo. Ukuta mmoja una kiraka cha zamani cha saruji. Kimekaa kigumu, kikavu, na jiwe lililokizunguka linamomonyoka kama biskuti. Nilikitazama kama mtu anavyotazama mwandiko wake mwenyewe.

Jumapili, kurudi

Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu yake, nimeikosa. Nilipanga kwenda alfajiri. Nahodha akasema maji hayaturuhusu, tukienda tutatembea kwenye tope la mikoko mpaka magotini, na kurudi hatutarudi kabla ya basi. Nahodha habishaniwi.

Nikaaga. Mzee alinipa kipande cha chokaa cha ukubwa wa korosho, si cha magofu, cha tanuri la juzi la jirani yake. Kimefungwa kwenye karatasi, kiko mfukoni.

Nangurukuru, nikisubiri basi la Dar, simu ikaita. Katibu wa kamati.

"Fundi, salama? Kuba tunalianza lini?"

Nikamwambia tutabomoa ukingo wote wa chini, hatutaziba ufa peke yake. Nikamwambia na fomu safari hii zitakaa mwezi mzima, mirunda yake yote, Idd ikifika ifike.

Akanyamaza. Nilisikia pikipiki zikipita upande wake.

"Hiyo mirunda," akasema mwisho, "tunakodi kwa siku au kwa wiki?"